Mguu wa Kuku Chini ya Jiwe

Kuna harufu ya vumbi la jiwe lililolowa ambayo nilidhani nimeiacha Tabaka, huko Kisii, kwenye ua wa mjomba wangu. Ni harufu baridi, nzito kidogo, inayokaa nyuma ya koo kama kidonge ulichomeza bila maji. Nilikutana nayo tena mwaka huu mahali ambapo sikuitarajia kabisa, katika mtaa wa Insadong, mjini Seoul, nchini Korea, alasiri moja ambapo miguu yangu ilikuwa imevimba na sikuwa na hamu ya kuona kitu kingine chochote kizuri. Harufu ilitoka kwenye mlango mwembamba uliobanwa kati ya duka la karatasi na nyumba ya chai. Nilisimama ghafla, na watu waliokuwa nyuma yangu wakanipita huku na huku bila kunigusa, kwa adabu ile yao. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, afisa wa biashara kutoka Nyamira, nimevaa kitambulisho shingoni, na kwa muda mfupi nilikuwa na miaka tisa tena, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni.

Tulikuwa kule kwa mafunzo ya wiki mbili, na siku hiyo tulikuwa tumeachiwa tuzunguke wenyewe tuone jinsi wenzetu wanavyouza vitu vya mikono vya asili. Mwenzangu alikuwa Nyakundi, tunayefanya kazi naye ofisi moja, mwanamume mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye alikuwa amenunulia safari ile viatu vipya. Nilimwonya tukiwa bado Nyamira, akanicheka. Kufikia saa sita mchana alikuwa anatembea kama anayekanyaga miiba, na kila tulipokuta benchi alikaa. Tulikuwa tumeona brashi za kuandikia za kila unene, feni za karatasi, vinyago vya mbao vyenye midomo inayocheka, vyungu vya rangi ya majani mabichi, na chapati nene zenye sukari ya moto ndani ambazo zilimuunguza Nyakundi ulimi. Vyote vilikuwa vizuri. Lakini uzuri nao huchosha, hasa ukiwa unatakiwa kuuandikia ripoti.

Nina tabia moja ambayo sijawahi kuiacha. Nikishika bakuli, sanamu, hata kikombe cha chai nyumbani kwa watu, kwanza nakigeuza nione chini. Pale Insadong nilikuwa nikigeuza kila kitu, na karibu kila kitu kilikuwa na alama ya aliyekitengeneza, imekandamizwa kwenye udongo au kuchongwa kwenye mbao, mahali ambapo mnunuzi hana haja ya kutazama. Nyakundi aliniuliza, "Madam, unatafuta bei?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi natafuta nini. Nikamwambia twende.

Ile alama ninayoitafuta niliifuta mimi mwenyewe. Ili nieleweke ni lazima nirudi nyuma, kwenye miezi ile mama yangu alipoondoka Ekerenyo akanishika mkono tukaenda kwao. Baba alikuwa ameleta mwanamke mwingine nyumbani. Mama, ambaye jina lake ni Kwamboka, hakupiga kelele wala hakuvunja kitu. Alichuma chai yake mpaka jioni, akapeleka kwenye kituo cha kupimia, na asubuhi yake tukaondoka na mfuko mmoja. Alikimbilia kwa kaka yake, yule mjomba wangu wa Tabaka, mchongaji wa jiwe lile laini la kwetu ambalo watu huliita jiwe la sabuni. Mjomba alitupokea vizuri, akatupa jiko la zamani lililokuwa nyuma ya nyumba yake. Lakini kila mtu pale, hata mimi, alijua kwamba binti aliyeolewa hana shamba kwa wazazi wake. Anakula, analala, anasalimiwa, na watu wanasubiri arudi kwa mumewe. Mama hakutaka kurudi. Ili abaki alihitaji kazi iliyo yake, ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole na kusema, huyu anajitegemea.

Kazi ya jiwe wakati ule ilikuwa imegawanywa tangu watu wazima wale wenyewe walipokuwa watoto. Wanaume walichimba na kuchonga. Wanawake na watoto walisugua. Tulikaa kwa duara tukiwa na mabeseni ya maji, tukaanza na msasa mkali, kisha wa wastani, kisha ule laini uliokaribia kuwa kitambaa, mpaka mikwaruzo yote ya kisu iishe na jiwe liteleze. Baadaye lilianikwa, likapakwa nta, likang'arishwa. Maji ya beseni yaligeuka meupe kama uji, na vidole vyangu vilikunjamana, kisha vikachubuka, kisha vikawa laini kabisa kwenye ncha hata sikuweza kuokota sindano. Mimi nilipewa kusugua chini ya vinyago, kwa sababu hapo mtoto akikosea hakuonekani sana. Mama alinifundisha kwa subira kubwa. Alinifumba macho kwa kiganja chake na kuniambia nipitishe kidole gumba, nikisikia kitu hata kidogo nisugue tena. "Mkwaruzo ukibaki," alisema, "watu watajua aliyesugua alikuwa na haraka." Sikutaka watu wajue hivyo. Nikawa msuguaji hodari wa chini, nikasifiwa na shangazi zangu, na sifa zile zilinilewesha.

Mama alikuwa amekulia kando ya baba yake mchongaji, na alichonga tangu utotoni kwa kuiba iba. Mjomba alijua. Ndiye aliyempa kisu, kisu kifupi kilicholika makali, chenye mpini wa mpira, akamwambia, "Chonga. Mnunuzi akija nitaongea mimi, kisha tutaona." Nakumbuka mama akigonga kipande cha jiwe kwa ukucha na kukisogeza sikioni asikilize kama kina ufa. Wanaume walikuwa wakichonga ndovu na twiga ambao hakuna aliyewahi kuwaona Tabaka. Yeye alichonga kuku. Kuku mtetea aliyelala, ametandaza bawa moja, na chini ya bawa vichwa vya vifaranga vinachungulia. Alimsugua yule wa kwanza mwenyewe, usiku na mchana wa siku mbili, akampa Mjomba, na Mjomba akampeleka Kisii pamoja na mzigo wake.

Wiki chache baadaye tukasikia kwamba mnunuzi mmoja wa Nairobi, mwanamke, anamtaka aliyemchonga kuku yule. Angekuja mwenyewe Jumapili. Mama akawachonga wengine sita. Sijawahi kumwona akiwa na furaha ya namna ile, si kabla wala baada. Aliimba nyimbo za kanisani huku amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alipomaliza kuchonga, Alhamisi asubuhi, alisafiri kwenda Ekerenyo kuchukua sare yangu ya shule, kwa sababu alikuwa ameamua nianze muhula mpya Tabaka. Mjomba alikuwa machimboni. Wale kuku sita walibaki wamepangwa juu ya gunia, bado wana mikwaruzo, na mimi nikajiambia nitamfurahisha mama.

Nilisugua mchana kutwa. Kila kuku, chini yake, alikuwa na mikato minne ya kisu, mitatu ikitazama mbele na mmoja mfupi ukitazama nyuma. Niliiona. Niliona kwamba imefanana kwa wote sita, na nikadhani ni pale mama alipojaribia makali. Ilikuwa imeingia ndani sana kwenye jiwe, na ilinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya. Nilibadilisha maji mara tatu. Nilifumba macho na kupitisha kidole gumba, nikasugua tena, mpaka chini ya kuku wote sita pakawa kama ndani ya kikombe. Ijumaa shangazi mmoja alinisaidia kupaka nta, nikawafunga kila mmoja kwa majani makavu ya mgomba. Mama alirudi jua likiwa karibu kuzama, Sabato ikiingia. Alifunua mmoja, akamtazama mgongo na bawa, akaniweka mkono kichwani, akamfunga tena. Sisi ni Wasabato. Kesho yake hakuna aliyegusa kazi.

Jumapili mnunuzi akaja, mwanamke mnene mwenye kofia ya ukili, akaletewa kiti uani. Alifungua mkoba wake akamtoa yule kuku wa kwanza, akamgeuza, akaonyesha chini. Kulikuwa na mguu wa kuku, mikato minne, safi, jiwe limesuguliwa pembeni pake kwa uangalifu. Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama karibu na beseni, nikaficha mikono yangu nyuma.

"Mimi nimekuja kwa sababu ya huyu," mnunuzi alisema. "Nataka huyu mwenye hii alama. Kazi yake yote nitakuwa nachukua mimi."

Mjomba akafungua majani. Mnunuzi akawageuza kuku mmoja baada ya mwingine, wote sita, akawaweka chini. "Hizi ni nzuri," akasema, "lakini si zake. Hizi mmeiga."

"Mama, wewe angalia tu mkono," Mjomba alimwambia mnunuzi kwa Kiswahili chake cha shule. "Mkono ni ile ile."

"Mkono unaigwa. Alama iko wapi? Na mwenyewe ni nani?"

Mjomba akamtazama mama. Mama akamtazama Mjomba. Leo najua kila mmoja alifikiria nini, kwa sababu niliwasikia jioni ile. Mjomba alidhani mama amefuta alama zake mwenyewe baada ya moyo wake kurudishwa kwa mumewe huko Ekerenyo, na hakutaka kumtaja mbele ya mgeni mtu anayejificha. Mama, ambaye hakuwaza kwamba mtoto angeweza kumaliza mikato ya kina vile, alidhani Mjomba amemfutia ili asiote mizizi pale nyumbani, na mwanamke anayehifadhiwa kwenye boma la kaka yake hamwaibishi mwenye boma mbele ya mteja. Wote wawili walikaa kimya kwa heshima. Na mimi nilikaa kimya kwa woga. Mnunuzi alichagua twiga wawili, akaaga, akaondoka na yule kuku wa kwanza ndani ya mkoba.

Jioni, nikiwa jikoni namenya ndizi, nilisikia mama akisema nje, "Ungeniambia tu kwamba hunitaki hapa."

"Kwamboka, mimi sijagusa kitu."

"Kwa hiyo alama sita zimejifuta zenyewe?"

Nilikuwa na kisu cha ndizi mkononi na mlango ulikuwa wazi. Ingenitosha hatua tatu. Niliendelea kumenya. Wiki ile ile tulirudi Ekerenyo, mama akarudia chai yake na ndizi zake na nyumba yenye wake wawili, na sijawahi kumwona akigusa jiwe tena. Yeye na kaka yake wamesalimiana matangani tu, kwa ncha za vidole, miaka zaidi ya thelathini. Sina namna ya kuupamba ukweli huu. Nilisoma, nikaajiriwa, nikamjengea mama nyumba ya mabati mazuri, na kila nilipomletea kitu nilijua ninamletea badala ya kitu kingine.

Kwa hiyo niliposikia ile harufu Insadong niliingia. Ndani kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amekaa nyuma ya meza ndogo. Alikuwa anachonga mihuri, vile vijiwe vya urefu wa kidole ambavyo watu wa kule huchongewa majina yao chini yake. Alikuwa akisugua jiwe juu ya msasa uliolowa, polepole, kwa duara. Nyakundi alianguka kwenye kiti cha pekee na kufungua kamba za viatu. "Madam, mimi nimefika mwisho," alisema. "Korea iendelee bila mimi."

Kulikuwa na trei ya mawe. Nilichukua moja, nikaligonga kwa ukucha, nikaliweka sikioni. Lilikuwa na ufa. Nikaliweka kando, nikachukua la pili, la tatu. Mzee aliacha kusugua, akanitazama mikono, akacheka kwa sauti kavu, akainama akatoa boksi lingine chini ya meza. Humo nilipata jiwe la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na mlio wake ulikuwa mzima. Aliongea kwenye simu yake, simu ikaniuliza kwa Kiingereza nataka jina gani. Nilichukua kalamu nikachora mikato minne. Mkono wangu haukusita hata kidogo. Mtu huikumbuka vizuri sana alama aliyoisugua mchana kutwa.

Aliigeuza karatasi huku na huku. Akauliza kama ni alama ya ukoo wetu. Nikasema ni ya mama yangu. Akauliza kama mama yangu ni mchongaji, na nikajibu ndiyo. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumjibu mtu hivyo. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida, akalilaza jiwe juu ya msasa, akamwagia maji, akaanza kulisugua chini ili apate pa kuchongea. Na hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa makamasi, kwenye duka la mtu nisiyemjua. Mzee akasimamisha mkono. Nyakundi akashtuka na kiatu kimoja mkononi. "Madam, ni miguu?" akaniuliza kwa huruma ya kweli.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni miguu."

Ilichukua kama nusu saa. Mzee alipomaliza alikandamiza muhuri kwenye wino mwekundu, kisha kwenye karatasi, na mguu wa kuku ukatokea. Halafu akageuza jiwe ubavuni na kwa ncha ya kisu akakwaruza herufi ndogo mbili, akajigusa kifua. Jina lake hilo. Alikuwa amechonga kwa nusu saa tu, na hakuona haya kusema ni yeye.

Nilifika Ekerenyo Jumapili, nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mvua ilikuwa imenyesha na ua ulikuwa na tope laini. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mboga za chinsaga, majani upande huu, vijiti upande ule. Siku hizi vidole vyake vimepinda, ngumi haifungi. Aliniambia pole kwa safari, akauliza wale watu wanakula nini. Nikampa lile jiwe. Hakulitazama juu wala ubavuni. Aliligeuza, kama watu wa jiwe wote wanavyogeuza, akapitisha kidole gumba, na mboga zikabaki mapajani bila kuguswa.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Ile Alhamisi uliyokuja huku kuchukua sare. Nilidhani ni mikwaruzo. Mjomba hakugusa."

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili akanyamaza.

"Wote sita?"

"Wote sita."

"Na hakukubaki kitu? Hata ukipitisha kidole?"

"Hata kidogo."

"Ee," alisema mama. "Nilikufundisha vizuri."

Sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa, na mpaka leo sijui. Aliniambia nimpigie Mjomba. Simu iliita sana, kisha tukasikia kikohozi chake kile cha watu wa vumbi kabla ya sauti yenyewe. Mama aliishika mbali na sikio, kama anavyoshika simu siku zote, akaongea kwa nguvu. "Ni mimi, Kwamboka. Ni mtoto aliyesugua. Nimekuonea miaka yote hii." Upande wa pili kikohozi kilisikika tena, kisha Mjomba akasema, "Kisu chako kiko hapa. Nilikuwa nakinoa kila Krismasi." Mama akajitazama mikono. "Haishiki tena," akamwambia. "Lakini nitakuja kukiona." Akanirudishia simu bila kuaga.

Nimehesabu mara nyingi, na hesabu haibadiliki. Kufuta kulinichukua mchana mmoja na maji ya mabeseni manne. Kusema kulinichukua dakika moja, na dakika hiyo nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka tisa, nikimenya ndizi, hatua tatu kutoka mlangoni. Mama aliinama kwa shida, akakandamiza jiwe kwenye tope la mbele ya baraza, akaliinua. Kuku wetu walikuwa wamepita pale asubuhi yote na ua mzima ulikuwa na nyayo zao, zimepishana, zimekanyagana. Mguu wa kuku wa Mama ulikuwa katikati yao, mdogo, umekaa sawa. Nilipoinuka kupeleka mboga jikoni, niliuruka.